Geuza Birika Kitako Juu: Maswali Yenu Kuhusu Vyombo vya Fedha vya Rokoko

Safari hii ukurasa wote tumeuachia vyombo vya mezani vya Ulaya ya karne ya 18: mabirika, majagi, vinara na mabakuli ya supu yaliyojaa makombe na mawimbi, yale yaitwayo ya Rokoko. Waliotuandikia ni wanafunzi, masonara, na watu waliorithi au kununua chombo wakabaki na shaka. Ushauri mmoja utajirudia katika majibu kadhaa, maana ndio tunaouamini kuliko mwingine: kabla hujastaajabia nakshi ya nje, kigeuze chombo kitako juu, kisha kitazame ndani.

Nasoma sanaa Dar es Salaam. Vyombo vya Baroko na vya Rokoko vyote naviona vimejaa nakshi. Nikisimama mbele ya chombo chenyewe, nitavitofautisha vipi?

Kigawe chombo kwa jicho, katikati, toka juu hadi chini. Kwenye kazi ya Baroko, mtindo uliotangulia Rokoko, nusu mbili zitaitikiana: jani la kulia lina mwenzake kushoto, na sura ya simba au ya mtu imekaa katikati sawasawa. Kwenye Rokoko iliyokomaa mwitikio huo umevunjwa kwa makusudi. Kombe limeegemea upande mmoja, wimbi limeanzia mguuni likapanda kwa kujipinda hadi ukingoni, na fremu iliyoachwa kwa ajili ya nembo ya mwenye mali ina bega moja refu na jingine fupi. Mistari ni ya mpindo wa herufi C na S, imeshikana kiasi kwamba jicho halipati pa kutua.

Usidai lakini kwamba kila kitu kiwe kimepinda. Mwili wa birika mara nyingi umebaki duara kamili, kwa sababu lazima lisimame na limimine bila kumwaga. Mpindo utafute kwenye pambo, mdomo, mkono na kishikio cha kifuniko.

Mapambo yenyewe mtu wa pwani huyatambua upesi: makombe, mwani, matumbawe, kaa, kamba, maji yanayochuruzika mwambani. Mtindo uliiva Paris kati ya miaka ya 1720 na 1750. Juste-Aurèle Meissonnier, mzaliwa wa Turin, aliusukuma mbali kuliko wengi. Mabakuli mawili ya supu aliyombunia Duke wa Kingston, yaliyotengenezwa kati ya 1735 na 1740, karibu hayana mstari ulionyooka: bakuli lenyewe ni kombe, na juu ya kifuniko vimerundikana viumbe vya majini, ndege na mboga. Moja liko Cleveland Museum of Art, Marekani. Thomas Germain, sonara wa mfalme Louis XV, alikuwa mtulivu zaidi, na kwa maoni yetu alimzidi Meissonnier kwa jambo moja: vyombo vyake unaviona vinaweza kushikwa na kupakuliwa. London kinara alikuwa Paul de Lamerie, wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, aliyefariki mwaka 1751. Ukisoma hao watatu kwa makini, waliobaki utawaweka mahali pao mwenyewe.

Mimi ni sonara Mombasa, kazi yangu zaidi ni pete na bangili. Birika lenye tumbo pana na shingo nyembamba lilinakshiwa vipi kwa nje, hali nyundo haiingii ndani? Tena, mwili ni bamba moja?

Naam, fundi, mwili ni bamba moja la duara. Mdomo, mkono, miguu na kishikio cha kifuniko ndivyo vya kumimina kwenye kalibu.

Kipimo cha duara la kuanzia ni kimo cha mwili ukijumlisha na upana wake wa wastani. Mwili wa kimo cha sm 20 na upana wa wastani wa sm 11 unadai duara la takriban sm 31. Kwa unene wa mm 1 duara hilo lina uzito wa karibu gramu 780, kwa hiyo piga hesabu ya fedha kabla ya kushika mkasi. Bamba huegemezwa kwenye fuawe ya kichwa cha mviringo na kupigwa kutoka nje, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia karibu na kitako kwenda ukingoni. Kila mzunguko ukiisha, fedha imekakamaa. Itie moto hadi wekundu hafifu, yapata nyuzi 650 za Selsiasi, ngoja wekundu ufe, zamisha majini, kisha isafishe kwenye tindikali ya salfa ya asilimia 10. Wakati wa kuichanganya, tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Kazi hii ifanyie kivulini: juani wekundu ule hauonekani, na hapo ndipo mafundi wengi hupitiliza wakachoma kazi ya siku nzima.

Ukiruka moto hata mara moja, ufa huanzia ukingoni na kushuka. Kinga yake ni kuupiga ukingo kwa wima kila baada ya mzunguko ili uwe mnene kuliko ukuta.

Sasa lile tumbo. Mafundi walitumia fimbo ndefu ya chuma iliyopindwa ncha zote mbili. Ncha moja hubanwa kwenye jiliwa. Nyingine, yenye kichwa cha mviringo kama gololi, huingizwa ndani ya birika hadi iguse mahali panapotakiwa kuinuka. Nyundo hupiga fimbo karibu na jiliwa, nje kabisa ya chombo, na mtetemo husafiri hadi ncha ya ndani inayoruka na kuigonga fedha itoke nje. Fundi hashikilii nyundo ndani, anashikilia birika tu na kulisogeza. Hapo anapata uvimbe mbovu wa ua au kombe, bila sura bado.

Sura hutoka kwa lami. Chombo hujazwa lami iliyoyeyushwa pamoja na unga wa tofali au plasta, na shahamu kidogo. Mchanganyiko ukiwa mgumu mno hupasuka chini ya tindo, ongeza shahamu. Ukibonyea mno, ongeza unga. Umimine polepole kwa upande, maana mfuko wa hewa ukibaki chini ya bamba tindo itatoboa pale pale. Unyevu nao ni hatari zaidi: unga usiokauka hutoa mvuke, na lami ya moto huruka usoni. Baada ya hapo fundi hupiga kwa tindo butu za maumbo mbalimbali, hii ya mstari, ile ya jani, nyingine ya kutia vitone kwenye usuli. Tindo hizi hazikati wala haziondoi fedha; zinaisukuma tu. Ndiyo maana ukitia kidole ndani ya birika la kweli unaihisi nakshi yote kinyume chake. Lami huyeyushwa na kutolewa, mabaki huchomwa, chombo hutiwa moto tena, hujazwa tena, na kazi huendelea. Kwenye chombo kizito kwa nakshi mzunguko huu hurudiwa mara kadhaa.

Mdomo ulimiminwa kwa nusu mbili, zikaunganishwa kwa lehemu katikati. Utafute mshono huo kwa ndani. Lehemu ngumu hutangulia, inayoyeyuka kwa moto mdogo humalizia, la sivyo kiungo cha kwanza kitaachia unapochoma cha tatu. Mkono wa birika la kahawa huwa wa mti, mara nyingi mpingo au mti wa matunda, umechomekwa kwenye soketi mbili za fedha na kupigiliwa pini, kwa sababu fedha hupitisha joto kupita metali zote.

Jambo la mwisho litakalokusumbua ni madoa ya kijivu yenye urujuani yanayojitokeza baada ya kung'arisha. Hiyo ni shaba iliyomo ndani ya mchanganyiko iliyoungua wakati wa moto, na imeingia chini ya uso, haipo juu. Masonara wa Paris waliteseka nayo kidogo kuliko wenzao wa London. Fedha yao ilikuwa ya kiwango cha karibu 958, shaba ndani yake ndogo, ingawa kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa laini na iliwahi kulika.

Kama vilitengenezwa vingi hivyo, mbona vya Ufaransa havionekani? (Msomaji wa Kigali)

Viliyeyushwa. Chombo cha fedha kilikuwa pia akiba ya nyumba, na mfalme akikosa fedha za vita aliamuru viende kwenye kiwanda cha sarafu. Louis XIV alifanya hivyo mwaka 1689 na tena 1709, kabla ya Rokoko. Louis XV akarudia mwaka 1759, na safari hiyo kazi za Rokoko zenyewe ndizo zilizoingia kwenye tanuru. Zilizosalimika nyingi ni zile zilizokuwa zimekwisha kuvuka mpaka. Tetemeko la Lisbon la mwaka 1755 lilipoangamiza vyombo vya mfalme wa Ureno, aliagiza vipya kwa François-Thomas Germain, mwana wa Thomas, na leo Museu Nacional de Arte Antiga huko Lisbon ni mahali pazuri kuliko karibu popote pa kuitazama kazi ya Paris. Germain mwenyewe alifilisika mwaka 1765. Uhaba huo ndio unaoeleza bei: bakuli moja la supu la Thomas Germain la mwaka 1733 liliuzwa New York mwaka 1996 kwa zaidi ya dola milioni 10.

Nipo Leicester. Nimenunua jagi la fedha lenye maua mengi mno, na muuzaji amesema ni Rokoko halisi ya London ya miaka ya 1740. Chapa zipo. Je, chapa zinatosha?

Hazitoshi, mama. Chapa zinasema fedha ilipimwa lini, hazisemi maua yalipigwa lini. Katika karne ya 19 Rokoko ilirudi kupendwa, na vyombo vingi vya Kiingereza vilivyokuwa vyeupe, bila pambo, vilipelekwa kwa mafundi vikafunikwa maua kuanzia kitako hadi shingoni. Chombo cha namna hiyo ni fedha halali ya zamani yenye nakshi ya wajukuu, na wanunuzi wanaojua hukilipia sehemu ndogo tu ya bei.

Anza na chapa zenyewe kwa kioo cha kukuza mara 10. London ya miaka ya 1740 inadai nne: simba anayetembea, kichwa cha chui chenye taji, herufi ya mwaka, na herufi za sonara. Simba awe ameugeuzia uso wake kwako. Chui awe na taji, kwani taji hilo liliondolewa mwaka 1821. Herufi ya mwaka ilibadilishwa mwishoni mwa Mei, hivyo inashika sehemu ya miaka miwili. Kisha tazama nakshi inavyopita karibu nazo. Fundi wa 1740 alijua chapa ziko wapi na aliziachia nafasi, au ziligongwa sehemu ambayo nakshi haifiki. Ukikuta jani limepanda juu ya simba na kumponda, jani ni geni.

Tazama sasa wingi na tabia ya maua. Rokoko ya kweli huacha uwanja: pana sehemu laini, halafu fungu la nakshi limekaa begani au chini ya mdomo, lenye kombe na mipindo isiyolingana. Kazi ya karne ya 19 huogopa nafasi tupu. Hujaza waridi na majani ya ukubwa mmoja, pande zote sawasawa, na mara nyingi huacha fremu ya nembo ikiwa tupu. Lipumulie jagi mahali pa nembo. Ukungu wa pumzi ukishika, alama za nembo iliyofutwa au mshono wa lehemu hujitokeza kwa sekunde chache. Bonyeza pia kwa kidole gumba, taratibu. Fedha ikinepa hapo, imekwanguliwa ikawa nyembamba.

Chini ya kitako huenda kuna tarakimu zilizokwaruzwa, mfano 28 na pembeni 10. Huo ni uzito wa siku ya mauzo kwa aunsi za fedha na penniweti, ambapo penniweti 20 ni aunsi 1, na aunsi 1 ni gramu 31.1. Basi 28 na 10 ni aunsi 28 na nusu, yaani gramu 886. Pima jagi lako leo. Kupungua gramu 10 au 20 ni matumizi na kusugua. Limepungua gramu 80? Kitu kimeondolewa. Likiwa zito kuliko tarakimu, kimeongezwa: mdomo, mguu, au mkono mwingine. Kipimo hiki hakihitaji utaalamu wowote, na wauzaji wachache hukitaja bila kuulizwa.

Ukisema jagi, tunashuku jambo la pili. Makopo makubwa ya bia ya karne ya 18 yaligeuzwa majagi kwa kukatwa ukingo na kubandikwa mdomo. Utalijua kwa chapa zilizokaa kulia kwa mkono, karibu na ukingo, huku mdomo ukiwa hauna chapa yoyote. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza kuongeza kitu kwenye chombo chenye chapa bila idhini ya ofisi ya upimaji, na ofisi ya London itakuambia kwa ada kama chombo chako kimeguswa.

La tatu ni la ujanja wa zamani. Kati ya 1720 na 1758 palikuwa na ushuru wa peni 6 kwa kila aunsi ya chombo kilichopelekwa kupimwa. Baadhi ya masonara walipimisha kitu kidogo, wakakata kipande chenye chapa na kukilehemu kwenye kitako cha chombo kikubwa. Pumzi itakuonyesha duara la mshono kuzunguka chapa. Chombo cha aina hiyo hata hivyo ni cha karne ya 18 kweli, na sisi tunakipa heshima kuliko kile cha maua ya bandia.

Kama una jozi, linganisha chapa za kimoja na cha pili. Zilizogongwa kwa mkono hazikai sawa kamwe. Zikilingana hadi mwinamo wa kila herufi, na kingo zake zikawa laini zenye vijipele, zimemiminwa kutoka chombo kimoja.

Nina mizani ya jikoni tu. Nitajuaje kama sinia au bakuli langu ni fedha au limechovywa fedha? (Msomaji wa Tanga)

Mizani inatosha kwa kitu kisicho na uwazi uliofungwa. Pima chombo kikavu, andika gramu. Weka ndoo ndogo ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Kining'inize chombo kwa uzi, kizame chote bila kugusa chini wala ukuta. Namba itakayojitokeza ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili: gramu 622 gawa kwa 60 ni 10.37, na hiyo ni fedha ya 925. Fedha halisi ya kutoka Ujerumani, ya kiwango cha 800 na ushei, hutoa karibu 10.2. Shaba ya njano na ile shaba nyeupe yenye nikeli inayochovywa fedha huangukia kati ya 8.4 na 8.8, bamba la shaba nyekundu lililofunikwa fedha, la aina iliyoanzia Sheffield miaka ya 1740, huwa karibu 9.

Nakshi ya Rokoko hushika viputo vya hewa, na kila kiputo kinakudanganya uone ujazo mkubwa na metali nyepesi. Tia tone la sabuni na upige brashi laini ndani ya maji kabla ya kusoma. Mizani inayosoma gramu nzima nzima haifai kwa kijiko. Kosa la gramu 1 kwenye 60 linavumilika, kwenye 4 haliwezekani. Na usijaribu kabisa kwa kinara kilichojazwa lami au plasta, wala birika la mkono wa mti.

Niko Muscat. Nimeonyeshwa jagi la kauri ya Kichina lililovishwa mdomo, mkono na kitako cha bronzi ya dhahabu. Wanasema ni la Paris. Nianzie wapi?

Ndugu, kwenye mgongo wa bronzi. Biashara yenyewe ni ya kweli: wafanyabiashara wa anasa wa Paris, akiwemo Lazare Duvaux aliyemuuzia Madame de Pompadour, mpenzi wa Louis XV, walinunua kauri za Uchina na kuzivisha bronzi za Rokoko. Jean-Claude Duplessis alikuwa bingwa wa kubuni mavazi hayo. Watu wa pwani yetu nao walizipa sahani za Kichina makao mapya, wakazipachika kwenye nguzo za makaburi kama za Kunduchi na Mambrui. Paris wao waliziwekea mikono ya mwani na miguu ya mawimbi.

Dhahabu ya karne ya 18 ilipakwa kwa zebaki, kwa brashi, upande unaoonekana. Kwa hiyo nyuma utakuta imevuja vipande vipande, na bronzi tupu ya kahawia imebaki kati yake. Iwapo nyuma kote kumeng'aa sawasawa, imechovywa kwa umeme, na hiyo ni kazi ya baada ya 1840. Mbele, tafuta tofauti ya mng'ao: sehemu za nyuma ya pambo zimeachwa bila kung'aa, na migongo ya majani imesuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ikametameta. Mishipa ya jani iwe imekatwa kwa mkono baada ya kumiminwa, yenye kingo kali. Ikiwa imefifia, hiyo ni nakala ya nakala.

Huenda ukaona herufi C ndogo yenye taji. Ni chapa ya ushuru wa shaba uliotozwa Ufaransa kati ya 1745 na 1749. Inathibitisha kwamba kitu kiliuzwa miaka hiyo, hata kama kilitengenezwa kabla, ila imeigizwa sana, hivyo isiwe ushahidi wako wa pekee. Mwisho, fungua pini ikiwa mwenye mali ataruhusu. Kauri chini ya vazi mara nyingi ilikatwa au kutobolewa ili bronzi ikae, na ukingo wa mkato wa zamani umetulia na una uchafu. Ukiwa mweupe na mkali, ndoa yao ni ya juzi.

Huko Geita tunakamata dhahabu kwa zebaki. Mlichotaja ndicho hicho hicho?

Kemia ni hiyo hiyo. Sonara alichanganya sehemu 1 ya dhahabu na takriban 8 za zebaki, akapaka uji huo juu ya bronzi, kisha akachoma. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kuondoka, dhahabu ikabaki imeshikamana na metali. Mvuke ule ndio uliowaua. Mafundi walioufanyia kazi miaka mingi walitetemeka mikono, wakapoteza meno na akili, na wengi hawakufika uzee. Uzuri wa vyombo hivi ulilipiwa kwa mapafu ya watu hao, na jumba la makumbusho linalovionyesha lingetenda haki kulisema hilo kwenye kibao. Msichome zebaki jikoni wala uani. Tumieni kifaa cha kufunika kinachokusanya mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Na asiwepo anayejaribu kurekebisha bronzi ya zamani kwa njia hii.

Unguja hapa fedha inaiva nyeusi ndani ya miezi. Birika letu la Kizungu lenye nakshi tulisafishe kwa magadi na karatasi ya alumini kama wanavyoonyesha watu mtandaoni?

Msifanye hivyo. Weusi ni salfa ya hewani iliyoungana na fedha, na unyevu wa bahari unaharakisha. Magadi na alumini huuondoa kweli, ila huuondoa kila mahali, hata kwenye mifereji ya nakshi, ambako weusi kidogo ndio unaoifanya nakshi isimame. Birika lililochovywa hutoka jeupe bapa, kama limepakwa chokaa. Zaidi ya hapo, maji ya magadi huingia ndani ya mkono ulio na uwazi na kwenye bawaba, yakabaki humo yakila. Dawa za kuchovya za dukani ni mbaya zaidi, kwa kuwa zina tindikali.

Njia yetu ni ya pole. Vua pete na bangili. Tandika taulo, shika chombo kwa mwili wake na kamwe si kwa mkono wa chombo. Osha kwa maji vuguvugu na matone mawili ya sabuni laini ya vyombo, pangusa kwa pamba, brashi ya nywele laini kwenye nakshi. Mkono wa mti usizame: hufura, pini ikalegea, soketi ikapasuka. Weusi ukibaki kwenye sehemu zilizoinuka, changanya unga laini kabisa wa chokaa safi, ule wa kalsiamu kaboneti wa duka la dawa, na maji yaliyochujwa hadi uwe uji mwepesi. Paka kwa pamba, sugua mizunguko midogo kwenye migongo ya nakshi tu, acha mabonde. Suuza, kausha mara moja, malizia kwa kikausha nywele kwenye bawaba na mdomo. Dawa ya meno isiguse, inakwaruza. Chapa zisisuguliwe kabisa. Kila kung'arisha huondoa fedha halisi, na kwenye vyombo vingi vya karne ya 18 pua za sura na ncha za majani zimekwisha kwa upendo wa wenyewe. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Katikati, kitambaa kikavu cha pamba.

Bronzi ya dhahabu haistahimili hata hiyo chokaa. Tabaka lake ni mikroni chache. Vumbi kwa brashi laini, basi, na amonia isiikaribie.

Kuhifadhi: kabati lililofungwa, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha. Epukeni sufu, magazeti, na mpira wa aina yoyote. Mpira una salfa, na alama ya rababendi hupenya hata kitambaa, ikabaki mstari mweusi ulioliwa.

Tunaishi Toronto, na tuna birika la kahawa na vibakuli viwili vya chumvi vya zamani. Tuvitumie siku ya harusi?

Birika litumieni, lilitengenezwa kwa kahawa. Limimineni tupu na kuliosha siku hiyo hiyo, lisiingie kwenye mashine ya kuosha vyombo. Angalieni kwanza kama kati ya mkono na soketi kuna pete nyeupe za kuzuia joto. Zikiwa za pembe za ndovu, msivuke nalo mpaka bila kuuliza sheria za nchi mnayokwenda. Uingereza, kwa mfano, huruhusu biashara ya vitu vya kabla ya Machi 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo, kwa kusajiliwa kwanza.

Vibakuli vya chumvi ni shauri lingine. Chumvi yenye unyevu hutoboa fedha kwa vidoa vya kijani na vyeusi visivyosuguliwa vikatoka, ndiyo maana ndani vilipakwa dhahabu. Kama dhahabu hiyo imelika, wekeni kikombe cha kioo ndani yake, chumvi ikae humo, na mwisho wa karamu itolewe yote kabla ya kulala.